Mikoba ya Wanawake wa Orodha

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kama si mzima basi angalau unakula. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua asubuhi tu. Ikifika saa nne anatembea kunishinda. Shemeji yako bado anatengeneza redio za watu na kuzirudisha huku skrubu mbili zimebaki mezani. Anakusalimu. Ndiye aliyezungumza na dereva wa lori linalopeleka saruji huko kambini kwenu, naye akakubali kubeba barua, kwa hiyo kisingizio cha mtandao kimekwisha. Namba yako mpya kama unaificha, ifiche. Mkono wa kuandika unao.

Nina habari. Unakikumbuka kile chumba kilichokuwa na mashine ya kusaga nafaka, kando ya duka la vioo? Mwenye mashine amehama na sasa tunakitumia sisi. Tulifagia siku mbili na bado unga umo kwenye nyufa; ukiangusha kitambaa cheusi unaokota cha kijivu. Tuna vyerehani vitano na meza moja ya kukatia, ambayo ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa. Tunashona mikoba. Vitambaa tunaviokota nyuma ya kiwanda cha sare, pale wanapotupa mabaki: vipande vya bluu, kaki, mashati meupe yaliyoharibika kola. Mlinzi anatuacha tuchague kabla hawajavichoma. Na majirani wanaleta vyao, mapazia yaliyopauka, jinzi zilizochanika magotini, shuka zilizobaki nusu. Tunafua, tunapiga pasi, tunaunganisha. Mkoba wa kwanza ulikuwa na rangi sita na shemeji yako alisema unafanana na mtu aliyevaa akiwa gizani. Wa pili ulikuwa mzuri.

Tuko tisa. Nikuambie ni akina nani, maana utajua tu. Mimi, jirani yangu mwenye mapacha, na saba kati ya wale kumi na wanne walioachishwa kazi pale kiwandani ulikokuwa mkataji. Mtaani bado wanaitwa wanawake wa orodha, na huu ni mwaka wa pili. Yumo Kimya, ambaye unajua asivyoweza kunyamaza. Yumo pia yule mama aliyekuwa akishona kola, mkubwa wao. Siku hizi hashoni. Siku ya kwanza alisema, "Mimi nipeni pasi tu," basi tunamwita Bi Pasi.

Jina lako halitajwi humo chumbani. Sikuulizi kitu, nakuarifu tu.

Mama anauliza kama meno yako yote yapo.

Dada yako


2 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako ilikaa kwa dereva karibu wiki tatu. Aliichomeka kwenye kile kibao cha kuzuia jua akaisahau, siku aliposhusha kibao ikamwangukia usoni. Ameomba radhi.

Mimi mzima. Meno yapo yote. Kambi yetu ya ujenzi iko pale lami inapoishia, mahema kumi na mawili na jiko moja. Mimi ni mtunza stoo: asubuhi nagawa makoleo, jioni nayapokea. Maturubai yakipasuka nayashona mimi, kwa sababu siku ya kwanza msimamizi aliuliza nani anaweza kushika sindano nami nikanyoosha mkono bila kufikiri. Chakula si kibaya. Msalimie shemeji. Redio ya mpishi wetu imekufa, lakini mwambie asihangaike kuja.

Nimefurahi kusikia mna kazi. Kaki ifueni kwa maji ya moto kabla ya kuikata, kile kitambaa hupungua kikilowa.

Kuhusu hao wengine sina la kusema.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama amefurahi kuhusu meno, na amesema mtu mwenye meno yote anaweza kuandika zaidi ya ukurasa mmoja.

Maji ya moto yametusaidia. Niliwaambia nimeota. Sasa nina jambo la haraka na sina mwingine wa kumuuliza. Maktaba ya hapa mjini imetupa kazi: mikoba themanini ya watoto kuchukulia vitabu nyumbani. Mkutubi mwenyewe alikuja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, akapima mkoba wetu kwa kuweka ndani vitabu vitano vinene na kuutundika kwenye msumari wa mlangoni. Akasema, "Nitarudi kesho kuuangalia." Alipotoka, Kimya akasema hata huo msumari unatucheka.

Asubuhi yake mkanda ulikuwa umerefuka kiganja kizima. Haukukatika, ulirefuka tu, kama ulimi. Mkutubi hakutukaripia. Alisema mtoto mdogo atauburuza chini, tutengeneze mwingine, atakuja tena katikati ya mwezi ujao. Tumeongeza mishono, tumekunja mara mbili, bado unarefuka. Jana Kimya na mwenye mapacha waligombana kuhusu uzi, mpaka mwenye mapacha akachukua cherehani chake kichwani akaenda nacho kwao. Leo amerudi nacho, lakini hasemi na mtu.

Hawa wanawake, mdogo wangu, mikono yao ni mizuri. Lakini kitu kikiharibika kidogo tu wanaingiwa na baridi. Mmoja atasema, "Ndiyo maana tulifukuzwa," na wengine hawabishi. Mimi si mshonaji wa kiwandani, nikiwabishia wanaona nawapoza tu.

Wewe ulikuwa mkataji miaka kumi na mitatu. Niambie kosa liko wapi.

Dada yako


29 Machi

Dada, shikamoo. Natumaini mama hajambo.

Kosa haliko kwenye mshono. Mnakata mikanda kufuata kipande kilivyokaa ili msipoteze kitambaa, kwa hiyo mingine inatoka mshazari. Kitambaa kilichokatwa mshazari lazima kirefuke, hata ukikishona mara kumi.

Fanyeni hivi. Kabla ya kukata, kila kipande mkishike kwa mikono miwili mkivute, kwanza upande mmoja, halafu mwingine. Upande unaokataa kuvutika ndio urefu wa mkanda. Utieni alama ya chaki. Kama kipande ni kifupi, unganisheni viwili kwa mshono wa kulala, kingo zilazwe bapa, msiunganishe wa kusimama, maana wa kusimama hukata bega. Ndani ya mkanda tieni ukanda wa jinzi. Na kitako cha mkoba kiwe cha kitambaa kimoja, kisiwe cha viraka. Kitambaa kina sikio moja, ni huo upande usiovutika, litafuteni kabla hamjashika mkasi.

Usiseme imetoka kwangu.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Mama alipata mafua akapona. Shemeji yako amenunua miwani ya kusomea akaikalia siku ileile.

Mkanda haurefuki. Tulitundika mkoba na vitabu vinane siku nne, na Kimya akaongeza tofali. Mkutubi amekubali, tunaanza themanini. Hiyo ndiyo habari njema, na ningependa kuishia hapo.

Niliwaeleza kama ulivyoandika, nikijifanya nimetafakari mwenyewe. Kuvuta huku na kule, chaki, mshono wa kulala. Walinisikiliza vizuri. Kisha ulimi ukateleza, nikasema kitambaa kina sikio moja. Bi Pasi alikuwa akipiga pasi upande wa dirishani. Akaisimamisha pasi.

"Hayo maneno si yako," akasema.

Nikamwambia ni maneno tu.

"Nimeyasikia kila asubuhi miaka tisa. Anayeyasema ni mtu mmoja. Yuko wapi?"

Sikuweza kumdanganya mwanamke yule, ana macho ya kumwangalia mtu mpaka mtu anajikuna. Nikasema yuko kazini, mbali, na hiyo njia ya mikanda ni yake. Chumba kikapoa. Mwenye mapacha, ambaye hakuwahi kufanya kazi kiwandani, akauliza ni nani, na Kimya akamjibu, "Mdogo wake wa kiume. Mkataji. Ndiye aliyeandika orodha." Wawili walitoka nje. Nilidhani hawarudi, lakini walirudi, wakaendelea kukata kwa njia yako ileile.

Wakati wa kufunga chumba Bi Pasi alibaki nyuma. Akaniambia: "Sina ugomvi na wewe. Ila ukimwandikia, muulize swali moja. Kwa nini aliniandika wa kwanza?"

Basi nimekuuliza. Si mimi ninayeuliza, ni yeye.

Dada yako


1 Juni

Mdogo wangu,

Dereva ameleta furushi. Vipande vya turubai, vimeoshwa, vimekunjwa kwa mraba, vimefungwa kwa kamba. Nilivikunjua vyote nikitafuta barua. Nikamuuliza dereva kama imeanguka njiani. Akasema, "Mama, alinipa hilo tu, na alinipa kama mtu anayelikimbia."

Turubai ni zuri. Tunalitumia kwa vitako. Lakini hukuombwa turubai.

Nakuandikia kwa kifupi kwa sababu nimekasirika na mama yuko karibu, atanisoma usoni. Hakuna anayekuwinda huku. Aliyekuuliza ni mwanamke mmoja mwenye pasi mkononi, na ameuliza kwa adabu. Dereva akipita, Bi Pasi ananitazama, nami kila mara natikisa kichwa. Anarudi kwenye pasi yake. Nimechoka kutikisa kichwa.

Kama uliwaandika kwa sababu walikuwa wabovu, sema hivyo. Watalia, watanyamaza, watashona. Kama ulikuwa na sababu nyingine, sema. Ila usinitumie tena furushi lisilo na barua.

Dada yako


14 Juni

Dada, shikamoo.

Msalimie mama na shemeji. Nimeanza barua hii mara nne. Hii ya tano natuma hata ikiwa mbaya.

Wiki tatu kabla ya orodha kubandikwa, meneja aliniita ofisini kwake. Alinipa kiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema kiwanda kinafungua sehemu mpya ya mashati ya kupeleka nje, na wanahitaji wanawake kumi na wanne wa kuanzia. Akasema, "Mimi nawaona kwa juu juu. Wewe ndiye unayepokea kazi yao mezani. Niandikie wale ambao ungewapa kitambaa chako mwenyewe wakushonee." Akanisogezea karatasi na kalamu.

Niliandika palepale, sikuhitaji kufikiri. Wa kwanza nilimwandika yule mama wa kola. Katika miaka tisa sikuwahi kumrudishia kola hata moja. Wa pili Kimya, kwa sababu anaongea siku nzima na mshono wake haupindi. Nikaendelea hivyo mpaka wa kumi na nne. Nilitoka pale nimefurahi, nikitaka hata kuwadokezea, lakini meneja alisema iwe siri.

Jumatatu ile nilifika getini nikakuta watu wamejaa. Karatasi yangu ilikuwa imebandikwa pale, mwandiko wangu mwenyewe. Walikuwa wameigundisha chini ya karatasi nyingine yenye maneno ya kupigwa chapa: wafuatao hawatahitajika tena kuanzia leo. Nikapanda ofisini. Meneja akasema sehemu mpya imeahirishwa na kiwanda lazima kipunguze watu. Wale wenye ujuzi ndio wenye miaka mingi, na wenye miaka mingi ndio wanaowagharimu. Hakuwa anajua ni akina nani, basi mimi nikamwonyesha. Alisema hayo kwa upole, kama mtu anayeniambia mvua itanyesha.

Hapo ndipo ningetakiwa kushuka ngazi, kusimama getini na kusema. Nilishuka. Yule mama alikuwa amesimama mbele na mkoba wake wa chakula. Alinitazama. Hakunitukana. Nikapita pembeni yake nikaenda mezani kwangu nikakata vitambaa.

Nilifanya kazi siku kumi na moja zaidi. Hilo ndilo sikuweza kuandika, dada. La kudanganywa ningeweza kulisema, kila mtu hudanganywa. Lakini siku kumi na moja nilikula chakula cha mchana kwenye chumba cha kulia cha kiwanda, viti kumi na vinne viko wazi, na nilijiambia kesho nitasema. Siku ya kumi na mbili nilichukua nguo zangu nikaondoka bila kumuaga hata mama.

Sikujua kwamba waliamini ni wabovu. Nilidhani wananichukia tu. Chuki niliweza kuishi nayo kutoka mbali. Uliponiandikia mwezi wa tatu kwamba wanasema ndiyo maana walifukuzwa, sikula siku hiyo. Na bado nikakujibu habari za mikanda.

Mjibu basi. Nilimwandika wa kwanza kwa sababu alikuwa wa kwanza. Wasomee kama unaona inafaa. Usiziruke siku kumi na moja.

Mdogo wako


27 Juni

Mdogo wangu,

Niliisoma kwanza peke yangu, nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nyuma ya nyumba. Halafu nikamsomea mama. Mama akasema, "Nilijua," akaomba maji. Akanywa yote. Tangu uondoke sijamwona akinywa maji kwa kiu namna ile.

Na mimi nina langu la kusema kabla ya hayo mengine. Mimi sikujua. Mimi niliamini uliwauza. Mwaka wa kwanza mtu akiniuliza habari zako nilikuwa nasema sina habari, na nilisema kwa namna ya kumfanya asiulize tena. Siku moja Kimya alilia mbele yangu kwenye foleni ya maji nami nikamwambia, "Samahani kwa ajili ya ndugu yangu," kana kwamba nimeshakuhukumu. Nilipoanza kazi nao, nusu ilikuwa kupenda kushona na nusu ilikuwa kulipia kosa lako. Kosa ambalo sikukuuliza hata mara moja. Nisamehe. Ningekuuliza siku ya kwanza, lakini niliogopa utasema ndiyo.

Sasa sikiliza.

Niliwasomea siku ya Jumanne, baada ya kumaliza mkoba wa sitini. Niliomba vyerehani visimame. Nilisoma yote, na siku kumi na moja sikuziruka. Nilipomaliza, hata Kimya hakusema kitu, mpaka mwenye mapacha akamtazama kuona kama anaumwa.

Bi Pasi akasema, "Rudia pale kwenye jina langu."

Nikarudia. Akasema, "Rudia." Nikarudia mara ya tatu. Akachomoa pasi ukutani taratibu, akakaa kwenye benchi.

"Nilifikiri ni macho," akasema. Basi akatueleza. Mwaka ule wa mwisho alikuwa ameanza kuona sindano mbili. Alinunua miwani, akawa anaivaa kwa kujificha na kuivua mkataji akipita. Orodha ilipotoka na jina lake juu kabisa, aliamini umemwona. Miaka miwili hajagusa cherehani. Mumewe alipomwuliza kwa nini, alimwambia amechoka kushona. Miwani anayo kwenye pochi, ameifunga ndani ya leso.

Kimya ndipo akapata sauti. "Mimi nilimwambia binti yangu asisome ushonaji," akasema, "eti kwetu hatuna mkono." Akafunika uso kwa mkoba aliokuwa ameshika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka na kulia pamoja, na wengine wakaambukizwa, tukawa kelele tupu, mpaka mwenye duka la vioo akaja kuuliza kama kuna aliyejikata.

Usidhani yamekwisha hapo. Walipotulia, mmoja wa wale saba, yule mrefu anayeshona zipu, akasema, "Kudanganywa namwelewa. Lakini siku kumi na moja?" Na Bi Pasi akasema, "Hizo atakuja kuzijibu mwenyewe. Si kwa barua." Sikukutetea. Nilidhani hutaki nikutetee.

Jumatano nilichelewa kufika. Nikakuta mlango wazi na Bi Pasi amekaa kwenye cherehani cha dirishani, miwani puani, anashona mkoba wa sitini na moja. Hakuinua kichwa. Aliniambia, "Leo mtafute mtu mwingine wa pasi." Nikapiga pasi mimi. Nimeunguza kipande kimoja cha kaki na hakuna aliyeniambia kitu.

Mikoba yote themanini ilitoka Ijumaa. Mkutubi aliikagua kwa kuivuta mikanda mmoja mmoja, kisha akaniuliza huyu aliyeshona hii ishirini ya mwisho alijifunzia wapi. Nikamwonyesha. Bi Pasi akasema, "Kiwandani, miaka tisa," kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Njoo. Mama hajasema uje, ila amefua shuka zako.

Dada yako


25 Julai

Dada, shikamoo, na salamu kwa mama, na kwa shemeji, ambaye redio aliyonipa nimpelekee mpishi inashika stesheni moja tu, lakini inaishika vizuri.

Nimefika kambini salama. Nakuandikia leoleo kwa sababu pale kwenu nilishindwa kusema chochote cha maana, na wewe ulikuwa unanitazama kama mtu anayengoja sufuria ichemke.

Njia nzima ya kuja huko nilikuwa natunga maneno. Nilikuwa nayo mazuri. Nilipoingia kwenye kile chumba yote yakanitoka. Niliwaona saba wamekaa, nikasimama mlangoni, na kitu nilichosikia kwanza ni Kimya akisema, "Ingia ukae, unatuzibia mwanga." Nikakaa kwenye benchi. Ulikuwepo, unajua yaliyofuata. Lakini hujui yalivyokuwa kwangu, kwa hiyo nakueleza.

Yule mrefu aliponiuliza kuhusu siku kumi na moja, nilimwambia niliogopa. Nilikuwa na sababu nyingine nilizozitunga huku kambini, nzuri zaidi. Nilipomwangalia nikaona hazifai. Akasema, "Ungesema siku ile, tungerudi nyumbani hatuna kazi lakini tuna vichwa." Nikasema ndiyo. Akasema, "Nimekaa miaka miwili nikimwona mume wangu akinihurumia." Nikasema ndiyo. Walizungumza kwa zamu, na wengine walikuwa wakali, na ulipotaka kuingilia nilifurahi yule mama wa kola alivyokuzuia kwa mkono. Ilinibidi nisikie. Nilikuwa nimeogopa saa ile kuliko kitu chochote, na kumbe ilikuwa saa moja tu. Ilipita kama saa nyingine.

Halafu mama yule akaniletea mkoba. Akauweka magotini kwangu akasema, "Angalia kazi." Nikaugeuza nikaukagua ndani. Bitana imekaa sawa, kitako cha turubai kimeshonwa mara mbili, mkanda umefuata uzi. Na mimi, mpumbavu, badala ya kusema ni mzuri, nikasema mfuko wa ndani umekatwa kinyume. Ulimi wenyewe ulisema. Nikaona nimeharibu kila kitu.

Akavaa miwani, akauchukua, akautazama. "Ni kweli," akasema. "Nani amekata huu?" Na Kimya akasema, "Mimi, na nilijua mtu mmoja tu duniani angeona, nikadhani hayupo." Hapo ndipo walipocheka, na hapo ndipo mimi nilipotoka nje kwenda kwenye bomba. Uliniuliza kama naosha mikono. Sikuwa naosha mikono.

Yule mrefu hakunipa mkono nilipoondoka. Hana lazima. Lakini alinifuata mpaka kizingitini akaniuliza jinzi nene inakatwaje bila kuutia mkasi ubutu, nikamweleza, akasikiliza mpaka mwisho.

Nimezungumza na msimamizi leo. Nitamaliza mwezi huu na ujao, kisha nitampa funguo za stoo. Ameuliza naenda wapi. Nimemwambia kuna wanawake tisa wana meza ya kukatia iliyo mlango juu ya mapipa, na mlango wenyewe umepinda. Akasema hiyo si kazi. Nikamwambia najua, lakini mlango lazima urandwe kwanza.

Wakikubali. Waulize, usiwaamulie. Wakisema hapana, nitakuja hivyohivyo nimuone mama.

Jambo moja la mwisho. Wakati wa kurudi, dereva aliniamsha tulipofika kambini. Alisema nimelala tangu tulipotoka mjini, saa saba mfululizo, kwenye kiti kile kisicho na godoro, nikikoroma mpaka akazima redio. Akauliza kama naumwa.

Nikamwambia siumwi. Nikashuka, nikachukua begi langu, na mpishi alikuwa ameniwekea chakula. Nimekula chote.

Mdogo wako